Makalasinga wa Makindu: ni Wahindu, au wana dini yao?

Mpita Njia:
Habari zenu, wanajukwaa. Kila nisafiripo kwa barabara kati ya Mombasa na Nairobi, dereva wetu hupenda kusimama katika hekalu la Makalasinga pale Makindu, nasi abiria hupewa chai, chapati na dengu bila kudaiwa hata senti. Nilidhani ni sadaka kwa maskini, lakini nimewaona wenye magari ya fahari wakipokea sahani zilezile wanazopokea matanboi wa malori. Naomba kufahamishwa: je, hawa ni madhehebu ya Wahindu, au ni mchanganyiko wa Uhindu na Uislamu kama nilivyosikia? Na kilemba kinahusianaje na haya yote?

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu Mpita Njia, Makalasinga ni Wasikh, na Usikh ni dini inayojitegemea; hekalu lao huitwa gurudwara. Mwanzilishi wake, Guru Nanak (guru ni mwalimu wa kiroho), alizaliwa mwaka 1469 huko Punjab, mahali panapoitwa leo Nankana Sahib nchini Pakistan, akafundisha kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, hazaliwi wala hafi. Wasikh huamini kuzaliwa upya kama Wahindu, ila hawaabudu sanamu. Guru wa kumi, Gobind Singh, aliyefariki mwaka 1708, aliagiza kwamba baada yake pasiwe na guru wa mwili na damu, bali kitabu, Guru Granth Sahib. Ndiyo maana kitabu hicho hulazwa juu ya mito chini ya chandarua, hupepewa kwa usinga kinaposomwa, na usiku hubebwa kichwani kupelekwa kupumzika. Ndani yake mna tenzi za maguru, na pia za Farid, sufi Mwislamu, na za Kabir aliyekuwa mfumaji. Nadhani fununu za mchanganyiko zimetokea hapo.

Jirani wa Gurudwara:
Naongezea kuhusu chakula, kwa sababu ndicho kiini cha swali. Huitwa langar, nacho si sadaka. Katika Punjab ya zama zile, tabaka la mtu liliamua nani aweze kula naye, na kwa hiyo kuwaketisha watu wote mstari mmoja kulikuwa ni kuivunja sheria hiyo hadharani. Inasimuliwa kwamba Guru Amar Das, wa tatu, hakumpokea mgeni yeyote kabla hajala pamoja na umma. Chakula hakitiwi nyama ili asiwepo wa kukikataa. Ukiingia kusali, baada ya kufunika kichwa na kuvua viatu, utakinga viganja viwili upewe tonge la prashad, unga wa ngano uliokaangwa kwa samli na sukari. Apewalo mkubwa ndilo apewalo mtoto. Wapishi na waosha vyombo ni waumini wanaojitolea, na kazi hiyo, seva, ni ibada kamili.

Fundi wa Reli:
Kuhusu kilemba: mwaka 1699, huko Anandpur, Guru Gobind Singh aliunda Khalsa, jamii ya waliokula kiapo, ambao huvaa alama tano, yaani nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptula maalumu na jambia. Kilemba chenyewe hakimo katika zile tano; kinazihifadhi nywele. Wanaume wa Khalsa huitwa Singh na wanawake Kaur, ili jina la ukoo lisifichue tabaka. Hata hivyo tusiwapambe kupita kiasi: Nairobi lipo hekalu linalobeba jina la Waramgarhia, jamii ya maseremala na wahunzi, ishara kwamba matabaka yaliyofutwa kwenye mlo yalibaki kwenye ndoa na ujirani. Wengi wa mafundi hao waliletwa kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, na hekalu la Makindu, la mwaka 1926, ni matunda ya kizazi hicho.

Mpita Njia:
Nawashukuru sana. Je, asiye Msikh akitaka kutoa chochote, atawaudhi?

Jirani wa Gurudwara:
La hasha. Mbele ya kitabu kuna sanduku la kutilia fedha, na hakuna atakayeangalia umetia kiasi gani. Ukiwa na nusu saa, nenda jikoni ukaombe kuosha sahani. Hutaulizwa dini yako.