Tupeane uzoefu: wageni walipokatika Zanzibar 2020, nyumba yako uliifanya nini?

Upepo wa Kusi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mtoto wa ndugu yangu amepata kiwanja Jambiani na anataka kukopa ajenge vyumba sita vya wageni. Jana kaniuliza, "Ami, biashara ikisimama tena kama ule mwaka wa korona, itakuwaje?" Nikaanza kumjibu, nikaona jibu langu ni la mtu mmoja tu. Kwa hiyo naomba tulioyapita yale tuseme, kila mtu na lake, bila kufichana. Uliuza? Ulishusha kodi? Ulihama? Naanza mimi.

Nina vyumba vinne Paje, upande wa juu wa barabara, si ufukweni. Nilivijenga kwa mshahara wa hotelini kwa miaka sita, kimoja kimoja. Mwezi wa tatu 2020 vitatu vilikuwa na watu. Ndani ya siku kumi vyote vikawa vitupu. Mgeni wa mwisho aliacha viatu vyake vya kutembelea kwenye miamba, akasema nimuwekee, atarudi baada ya wiki mbili. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa nchi nzima. Masika ikaingia, mwisho wa mwezi ule ule Ramadhani ikaingia, tukabaki barazani tunatazamana.

Nisichokijua kabla ya hapo ni kwamba nyumba ya pwani ukiifunga inakula pesa kuliko ukiikalia. Chumvi iliingia kwenye bawaba, kwenye feni, kwenye vitasa. Magodoro yakaota kuvu upande wa chini, madoa ya kijivu kama majivu yaliyonyunyizwa. Kila jua likitoka, mimi na mke wangu tulikuwa tunayatoa yote manne uani na kuyapiga kwa fimbo. Makuti yalikuwa yamefika muda wake wa kubadilishwa na pesa hakuna. Nikabomoa kibanda cha chakula cha asubuhi, nikatumia makuti yake kuziba pale panapovuja vyumbani.

Mwezi wa sita akaja dalali na mteja wa kiwanja changu cha nyuma. Bei aliyoitaja ilikuwa theluthi ya ile ya mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimeshakubali moyoni, nasema kweli. Mke wangu akaniambia, "Tuuze kwanza vinavyonunulika tena." Tukauza majokofu mawili na pikipiki. Yeye akarudi kwenye mwani, kazi aliyoiacha tangu mtoto wetu wa pili. Vyumba viwili nikawapangisha walimu wa skuli kwa shilingi 60,000 kwa mwezi kila kimoja. Kabla ya hapo pesa hiyo chumba kilikuwa kinaileta kwa usiku mmoja na nusu. Iliniuma, lakini walimu wale ndio walionifikisha Disemba, wageni wa Urusi na Poland walipoanza kujaa.

Binti wa Ukutani

Wa alaykum salaam. Langu ni la Mji Mkongwe, na ni la mirathi, kwa hiyo mniwie radhi likiwa refu.

Baba alifariki 2017, mama alikuwa ametangulia. Tuko watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Nyumba ikagawika mafungu manane, kaka zetu mawili mawili, mimi na dada yangu moja moja. Chini kulikuwa na duka la vinyago na vitambaa lililopangishwa, juu kaka mkubwa alikuwa akilaza wageni. Kodi ikiingia tunagawana kwa mafungu, na mambo yanakwenda.

Duka lilifungwa Aprili. Mpangaji alikuja kwa adabu, akarudisha funguo na kuomba asamehewe mwezi wa mwisho. Mwezi wa saba kaka zangu wakaja na mnunuzi, mtu wa nje anayenunua kupitia kampuni, pesa taslimu, na bei haifiki nusu ya ile tuliyotajiwa 2018. Siwalaumu. Mmoja alikuwa na mtoto chuo kikuu Malaysia, mwengine duka lake la Gizenga limefungwa. Njaa ilikuwa ya kweli.

Lakini mimi nilizaliwa katika nyumba ile. Nikasema sisaini. Nilisemwa sana, na ndugu, na jamaa, hata na watu wasiohusika. "Wewe una fungu moja katika manane, unawazuia wenye mafungu sita?" Wakati huo huo mvua imetoboa dari, maji yanashuka kwenye ukuta wa ngazi na chokaa inadondoka mapande mapande. Akaja mtu anataka kununua mlango tu. Mlango wa nakshi, na bei yake ilikuwa nzuri kuliko tulivyodhani. Kaka yangu wa kati alisimama mbele ya ule mlango muda mrefu, anapitisha kidole kwenye maua yaliyochongwa juu, kisha akamwambia yule bwana aende zake. Siku ile ndiyo nilijua kwamba hata yeye hataki kuuza.

Tulifanya hivi. Mimi nilikuwa nimepanga Kiembesamaki, nikaacha, nikahamia juu na watoto. Kodi niliyokuwa nalipa kule nikaanza kuilipa nyumbani, igawanywe. Chini tukaweka familia moja badala ya duka. Kaka mkubwa, aliyekuwa na shida zaidi, tukayathamini mafungu yake mawili kwa bei ya katikati, si ya njaa wala ya 2018, mimi na dada yangu tukayanunua kwa awamu. Tumemaliza baada ya miaka mitatu. Hao wawili bado wana mafungu yao.

Disemba 25, 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, ilipoanguka na watu wawili wakafa, kaka zangu walinipigia simu usiku ule ule. Tulikaa tukaandikiana nani atatengeneza boriti zipi, na lini. Nyumba hizi zinabebana, ukuta wa jirani ni ukuta wako. Ukiiacha tupu mwaka mmoja wa shida, shida inahamia kwa jirani.

Mzalia Malindi

Pole sana dada yangu, na hongera. Hilo la kununuliana mafungu mliliandika au ni kwa mdomo tu? Kwetu tulisemezana kwa mdomo, na leo hatusalimiani.

Binti wa Ukutani

Tuliandika, kaka. Mbele ya sheha na mashahidi kwanza, kisha tukaenda Mahkama ya Kadhi. Kila awamu ina karatasi yake na sahihi ya anayepokea. Pole na nyinyi. Tumeni mtu mzima wa nje ya nyumba, asiyedai chochote.

Fundi Fuoni

Mimi ni fundi wa kujenga. Machi ile nilikuwa na kazi tatu, Bwejuu, Chukwani na Mbweni, na zote zilisimama ndani ya wiki moja. Bwejuu tulikuwa tumeshafunga nondo za linta, zege tunamwaga Jumatatu. Mwenye kazi akapiga simu Jumapili usiku.

Nondo zile zikakaa wazi masika yote, mita mia kutoka baharini. Tuliporudi mwezi wa kumi na moja zilikuwa zinabanduka magamba mekundu, ukizikwaruza kwa kisu zinapukutika. Mwenye nyumba alitaka nimwage hivyo hivyo kwa kuwa pesa ni kidogo. Nikakataa. Nondo iliyoliwa ukiifungia ndani, kutu inavimba na zege linapasuka, ukija kujua paa lishakaa juu. Tukazikata, tukafunga mpya, nyumba ikapunguzwa vyumba viwili. Wako waliomwaga. Nimeziona nyufa zao.

Deni langu la Chukwani nililipwa kwa matofali 400 na mifuko tisa ya saruji iliyokuwa inakaribia kuganda. Saruji haingoji, kwa hiyo usiku ule ule tulianza msingi wa chumba changu mwenyewe, na watoto wakishika taa. Vijana wangu wanne nilishindwa kuwalipa kwa wakati, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Wawili walikwenda kuvua, mmoja akarudi kwao Makunduchi, mmoja sijamuona tena.

Mtanga wa Nungwi

Sisi wapangaji nasi tuna letu. Nilikuwa mpishi hotelini Nungwi, tukapewa likizo bila mshahara. Nyumba niliyopanga ina vyumba vinane, karibu wote watu wa bara. Wenzangu wakapanda boti mmoja mmoja, tukabaki wawili.

Bibi mwenye nyumba alituita. Akasema, "Wanangu, kodi laleni nayo kwanza, ila mfagie uwanja na vyumba vyote mvifungue asubuhi. Nyumba isiyo na mtu huingia mchwa." Kodi ilikuwa 70,000. Nilikaa miezi mitano bila kulipa hata senti. Kila mwezi alichora mstari kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko, mstari wangu na wa mwenzangu. Kazi iliporudi nikawa nampelekea kidogo kidogo, na wa mwisho nilimfutia mwenyewe Februari 2021, yeye akiwa ameshika ndoo ya maji pembeni. Mimi bado napanga kwake mpaka leo.

Mkokotoni

Allah amlipe kheri bibi huyo. Wangu alinitolea godoro nje siku ya pili ya mwezi.

Dalali wa Haki

Naomba niseme kama mtu aliyekuwa katikati ya mauziano, maana naona vijana wengi wanaamini kuwa 2020 nyumba zilikuwa bure. Hazikuwa bure. Kilichoanguka kwanza ni kodi, kisha mauziano yenyewe yakakatika. Bei ya mdomo ilibaki pale pale.

Sababu ni kwamba wengi wetu hatujengi kwa mkopo wa benki. Tunajenga tofali kwa tofali, miaka kumi. Benki haikudai, kwa hiyo hakuna wa kukusukuma uuze. Unafunga mlango, unangoja. Waliouza ni wenye mkopo, wenye mgonjwa, wenye ada ya skuli na wenye mirathi isiyopatana. Hao walipokea bei ambayo hawaitaji mbele za watu, na ndiyo maana ukiulizia mtaani husikii kuwa bei ilishuka.

Na wapo wageni wa nje waliojenga kwa jina la mtu mwengine. Ardhi Zanzibar ni ya serikali kwa Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992. Mzanzibari anapewa haki ya kuitumia, mgeni hawezi kuimiliki, anapata ukodishaji wa muda kwa njia ya uwekezaji. Fleti anaweza kununua kwa Sheria ya Kondominio ya 2010, lakini kiwanja cha kijijini hapana. Wakawa wanatumia jina la rafiki, au la mchumba. Mwaka ule wakiwa kwao Ulaya wamefungiwa ndani, wananipigia simu niuze. Niuze nini? Karatasi si yake. Na mwenye jina naye anabaki na nyumba ya watu, mlinzi anamdai yeye, wanakijiji wanamsema yeye. Nimeona undugu ukivunjika pande zote mbili. Kijana wa Jambiani akifuatwa na mgeni kwa mpango huo, akatae hata kama pesa ipo mezani.

Kwa hesabu, 2019 Zanzibar ilipata wageni zaidi ya 538,000, mwaka uliofuata kama 260,000. Nusu. Ukikopa, jiulize nusu ya vyumba vyako inalipa rejesho au hailipi.

Mpemba Wete

Sisi Pemba hatuna vyumba vya wageni wengi, lakini tulijua. Nyumba ya wazee wetu Wete ilikuwa na watu wanne, Mei ikawa na kumi na saba. Waliorudi wote walikuwa Unguja, Kiwengwa na Nungwi. Watoto walilala kwenye mikeka hadi barazani, na mama alifurahi jamani, sisemi uongo, alikuwa hajatuona sote Ramadhani moja kwa miaka minane. Ila nyumba zetu tulizokuwa tunazipandisha kwa pesa za Unguja zilisimama kwenye madirisha. Yangu ilitiwa bati 2023.

Upepo wa Kusi

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Kijana amesoma yote, la dalali kalisoma mara mbili. Tumekaa naye jana baada ya Isha na karatasi. Sita ameviacha, anaanza na viwili, bila mkopo, na kimoja mlango wake utaelekea barabarani na kiwe na jiko lake, ili mwalimu au nesi aweze kukipanga kwa mwezi. Fundi, kiwanja kiko kama mita themanini kutoka ufukweni. Umwambie nini?

Fundi Fuoni

Bawaba na vitasa asinunue vya bei rahisi vya kupakwa rangi, vya shaba vinakaa. Madirisha ya upande wa kusi ayatolee paa refu. Nondo asizinunue mpaka siku ya kumwaga imeshapangwa na saruji iko ndani. Na kwenye vyumba aache matundu ya hewa juu ya milango, hata kama wageni watataka kiyoyozi, ili siku vikifungwa magodoro yapumue. Nitumie namba yake kwa siri, Ijumaa nina nafasi, nitakwenda kukiona kiwanja.