Re: ARV zimebaki vidonge 19, nifanyeje?

Shikamooni wakubwa. Nimemwomba msimamizi autume ujumbe huu bila jina langu. Nipo Leicester tangu mwezi wa pili, kazi ya kutunza wazee. Natumia TLD (ARV tatu ndani ya kidonge kimoja) tokea Dar. Nilibeba za miezi mitatu, sasa vimebaki vidonge 19. Gharama za hapa sizijui, na mwajiri ndiye aliyenileta, naogopa akijua. Nimeanza kumeza leo, kesho naacha, ili zisogee. Nisaidieni.

---

Marahaba mdogo wangu. Leo usiku meza, na kesho meza. Huko kuruka siku nilikufanya mwaka wangu wa kwanza hapa, nikidhani nabana matumizi. Virusi vilivyokuwa havionekani kwenye kipimo vikapanda, nikakaa wiki kadhaa silali, nasubiri majibu ya usugu wa dawa. Sitaki upite huko. Vidonge 19 ni siku 19 za kutafuta kliniki, zinatosha ukianza kesho.

Hapa England matibabu ya VVU ni bure kwa kila mtu tangu Oktoba 2012, hata asiye na makaratasi. Barua ya GP (daktari wa mtaani) huhitaji. Ipigie simu kliniki ya afya ya ngono ya hapo mjini, useme: natoka nje ya nchi, natumia ARV, zimebaki za siku 19. Hiyo idadi itaje mwanzoni kabisa, ndiyo itakayowafanya wakuharakishie. Ukitaka mkalimani ni haki yako. Na kama unaogopa asije akawa Mswahili mwenzetu wa hapo hapo mjini (hofu hiyo naijua), omba wa kwenye simu, tena wasimtajie jina lako.

Kliniki haimpigii mwajiri. Sheria ya usawa ya 2010 inakukinga usibaguliwe kazini kwa ajili ya VVU, tangu siku ulipopimwa ukakutwa navyo.

Nenda na kadi ya CTC (kliniki ya VVU ya huko nyumbani), kopo la dawa hata likiwa tupu, na majibu yako ya mwisho ya wingi wa virusi. Kama kadi imebaki nyumbani, mtu unayemwamini aipige picha. Wakikupa vidonge viwili badala ya kimoja usishtuke, uliza tu ndani mna dawa gani.

---

Naongeza moja, mimi ni muuguzi. Kwenye TLD mna dolutegravir, na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zinaizuia isiingie vizuri mwilini. Meza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu ni vivyo hivyo, ila hivyo unaweza kuvimeza pamoja na TLD ukiwa unakula. Na ukipewa metformin ya kisukari, mwambie daktari kwamba unatumia dolutegravir, kwa sababu inaipandisha metformin kwenye damu.

---

Asanteni sana. Nimepiga, ni Jumatano saa nne asubuhi. Jana na leo nimemeza. Dada, kadi ninayo, ila majibu ya wingi wa virusi ni ya mwaka jana. Yatafaa?

---

Yatafaa. Watakutoa damu wapime upya.