Hizi fomu za "jipime mwenyewe" kazini zinatumaliza wanawake, nimechoka!

Wadau, nina hasira hadi vidole vinatetemeka, herufi zikikosewa mnivumilie.

Ofisini kwetu (siitaji jina, nina mkopo unakatwa) kila Desemba tunajaza fomu ya kujipima, alama 1 hadi 5. Kwenye Excel nikajipa 3, maana najua ninayoyajua na nisiyoyajua. Jamaa wa meza ya pili kajipa 5. Huyu huyu ambaye kila mwisho wa mwezi ananiita, "dada njoo mara moja, hii kitu imegoma." Naenda, nakuta kaandika herufi O mahali pa sifuri, halafu anashangaa hesabu hazijumlishiki. Jamani, O!

Wiki hii kapewa ukuu wa kitengo. Nikaenda kwa bosi kuuliza. Kafungua faili, kanigeuzia karatasi: "Si mwandiko wako huu? Umejipa 3 mwenyewe." Nikakosa la kusema.

Na asije mtu hapa na ile ya "wanawake ndivyo mlivyoumbwa". Mwaka 2009 wachumi walichapisha jaribio walilofanya kwa Wamasai wa hapa kwetu Tanzania, ambako mwanaume ndiye mwenye usemi, na Wakhasi wa India; hawa Wakhasi ukoo na urithi wao hufuata upande wa mama. Kazi yenyewe kurusha mpira wa tenisi kwenye ndoo mara 10. Unachagua: ulipwe kwa kila unaoingia, au ushindane na mtu na ukimzidi ulipwe mara tatu. Kwa Wamasai, nusu ya wanaume walitaka kushindana, wanawake 26% tu. Kwa Wakhasi, wanawake 54%, wanaume 39%! Sawa, kushindana si kujipa alama, lakini kwangu ni watoto wa mama mmoja. Sisi tumekuzwa na "mtoto wa kike hajisifu", leo adabu hiyohiyo inatukosesha vyeo.

Halafu mnatuambia "jiamini dada". Nilijiamini! Mwaka juzi nikasema kikaoni kazi fulani naiweza peke yangu, kufika mchana nishaitwa mjuaji. Yule jamaa akisema hivyohivyo, "kijana ana maono".

Kwa nini wasitupe kompyuta na faili moja chafu, nusu saa, tuonekane?

Leo tarehe 30. Simu yake inaita ya tatu hii ninavyoandika. Sipokei.