Je, asidi ya foliki ya miligramu 5 iendelee kutolewa pamoja na SP kliniki?

Mjadala ninaoufungua unahusu dawa mbili ambazo mjamzito hupewa siku moja na kwenye meza moja: SP, yaani mchanganyiko wa sulfadoksini na pairimethamini wa kumkinga na malaria, na asidi ya foliki ya kuongeza damu. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: foliki ya miligramu 5 isitolewe kwa mjamzito anayemeza SP, na kituo kilichoishiwa vidonge vya dozi ndogo kisizibe pengo kwa kutoa vya dozi kubwa.

Jambo hili nililiona nilipomsindikiza shemeji yangu kliniki, mimba yake ikiwa ya miezi mitano. Muuguzi alimpa vidonge vitatu vyeupe vya SP na kikombe cha maji, akasimama mbele yake mpaka alipomaliza kumeza, kama utaratibu unavyotaka, akajaza kadi. Kisha akamkabidhi kibahasha cha vidonge vidogo vya manjano, kimeandikwa kwa kalamu "1 x 1, siku 30". Vilikuwa foliki ya miligramu 5. Nilipouliza kuhusu vile vilivyochanganywa na madini ya chuma, nilijibiwa kwa upole kwamba vimekwisha, na kwamba hivi ni vilevile, tena vina nguvu zaidi.

Nguvu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Kimelea cha malaria hakiwezi kuongezeka bila foleti, yaani vitamini ambayo asidi ya foliki ni aina yake ya vidonge, kwa kuwa ndiyo inayokiwezesha kuunda vinasaba vipya. Binadamu huipata kwenye mchicha, maharage na maini. Kimelea hujitengenezea chenyewe kwa hatua kadhaa, na SP huziba mbili kati ya hizo, sulfadoksini ikikizuia kimeng'enya kiitwacho DHPS na pairimethamini ikikizuia kingine kiitwacho DHFR. Lakini kimelea kina mlango wa nyuma: kinaweza pia kuchukua foleti iliyomo tayari kwenye damu ya mgonjwa, na inapokuwa tele, kile kizuizi cha sulfadoksini kinakwepwa.

Wala haya hayakuishia maabara. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya, ukachapishwa mwaka 2006, ulifuatilia wajawazito wenye vimelea waliotibiwa kwa SP, wengine wakipewa foliki ya miligramu 5, wengine 0.4, na wengine kidonge kisicho na dawa. Katika kundi la miligramu 5, tiba ilishindwa karibu mara mbili zaidi ya makundi mengine, ilhali kundi la 0.4 halikutofautiana na lile lisilopewa foliki. Shirika la Afya Duniani nalo linaelekeza kwamba dozi ya miligramu 5 au zaidi isitolewe pamoja na SP, na kwamba mjamzito wa kawaida atumie 0.4 kwa siku.

Najua hoja zitakazoletwa, kwa sababu nimeshazisikia. Wapo wanaosema kwamba tukipunguza foliki tutaongeza watoto wenye mgongo wazi. Uchungu wa wazazi hao naujua na siupuuzi, lakini tuhesabu siku. Mfereji wa uti wa mgongo hufunga ndani ya takribani siku 28 tangu mimba itungwe, wakati akina mama wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. SP haianzi kutolewa mpaka miezi mitatu ya kwanza ipite. Mama aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hiyo anahitaji dozi kubwa kabla ya kushika mimba na katika wiki 12 za mwanzo, na hapo haigongani na SP hata kidogo. Kumpa mwanamke wa miezi mitano miligramu 5 hakuuzuii mgongo wazi.

Wengine watauliza kwa nini tuilinde dawa iliyokwisha kuchoka. Ni kweli kwamba Tanzania iliifanya SP kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001 na ikaiacha kwa ajili ya dawa mseto ya ALu mwaka 2006, na kwamba upande wa Korogwe na Muheza vimelea sugu vimeenea sana. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa Kenya, Malawi na Tanzania uliotolewa mwaka 2023, uliowahusisha wajawazito 4,680, ulionyesha kwamba dawa mpya ya dihaidroatemisinini na piperakwini ilipunguza malaria kuliko SP, lakini haikuleta matokeo bora zaidi ya uzazi. SP bado ina kazi inayoifanya kwa mtoto aliye tumboni, na udhaifu wake ni sababu ya kutokilisha kimelea foleti ya ziada.

Gumu kwangu ni suala la mjamzito mwenye selimundu, ambaye mara nyingi huandikiwa miligramu 5 kila siku na kwa haki kabisa. Huyo nadhani anastahili mpango wake wa kinga, uamuliwe na daktari anayemfuatilia, badala ya kupitishwa kwenye foleni ileile.

Naomba wafamasia na wauguzi waliomo humu watuambie: leo hii, kwenye rafu ya kliniki yenu ya wajawazito, mna vidonge vya 0.4 au vya 5? Na vile vidogo vinapokwisha, nani huamua mama apewe nini?