Amitriptilini ileile, ndugu wa tumbo moja: mmoja hoi, mwingine haoni kitu

Binti Makorora
Habari za Tanga, wakuu. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wana sonona na wote wameandikiwa amitriptilini 50 mg usiku. Wiki ya tano sasa. Mkubwa anasinzia mpaka adhuhuri, kinywa kikavu, choo kigumu, akiinuka ghafla anapepesuka. Mdogo hana maudhi wala nafuu. Ni vinasaba? Kupima vinasaba kuna faida?

Mfamasia wa Pwani
Inawezekana kabisa, dada. Kwenye ini kimeng'enya, yaani protini inayochakata dawa, kiitwacho CYP2C19 huigeuza amitriptilini kuwa nortriptilini, nayo pia hutibu sonona. Kisha kimeng'enya kingine, CYP2D6, huzivunja zote mbili zipate kutoka. Aliyerithi nakala mbovu za kinasaba cha CYP2D6 dawa humrundikia mwilini. Mwenye nakala za ziada huimaliza mapema mno. Kwa ndugu kama hao, uwezekano wa kurithi jozi ileile ya nakala ni moja kwa nne tu.

Mwongozo wa CPIC, jopo la wataalamu wa kulinganisha dawa na vinasaba, unasema ambaye CYP2D6 yake haifanyi kazi kabisa aepushwe na kundi la dawa la amitriptilini, na ikilazimu aanzie nusu ya dozi. Lakini kwanza ulizeni dawa nyingine wanazotumia. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, huzuia CYP2D6, na hata ikiachwa athari yake hukaa wiki kadhaa. Mtu mwenye vinasaba vizuri tu ataonekana kama hana kimeng'enya.

Dkt. Raskazone
Naongezea kuhusu kipimo, maana hapa watu hupoteza fedha. Aina dhaifu za CYP2D6 zilizozoeleka kwetu Afrika ni zile zinazoandikwa *17 na *29. Vipimo vingine hutafuta zile za Wazungu tu, kama *4, na asiyekutwa nazo huandikiwa "kawaida" hata kama amebeba *17. Kabla ya kulipa, omba orodha ya aina zinazopimwa.

Tena kipimo hueleza zaidi kiasi cha dawa kitakachobaki kwenye damu. Kama dawa yenyewe itamfaa mgonjwa, hakiwezi kuahidi.

Mkubwa arudi kliniki wiki hii, dozi ishushwe. Mkojo ukikwama, moyo ukienda mbio au akizimia, ni hospitali siku hiyohiyo. Mdogo asijiongezee vidonge: amitriptilini ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na huua. Vidonge vya nyumba nzima vikae kwa mtu mmoja.

Binti Makorora
Shukrani sana. Mdogo yuko mwezi wa pili wa dawa za TB.

Mfamasia wa Pwani
Basi anzeni hapo. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huchochea vimeng'enya vya ini, hivyo amitriptilini hushuka kwenye damu, vinasaba viwe vyovyote. Dawa za TB asizikatishe hata siku moja. Daktari wa sonona aambiwe, aamue kupandisha dozi au kubadili dawa. Akipandisha, andikeni kwenye kadi tarehe ya kumaliza TB: rifampisini ikiisha, ini hurudi hali yake ndani ya wiki mbili hivi, na dozi iliyopandishwa itakuwa kubwa mno. Irekebishwe wakati huo.