Dirishani, njiani au mlango wa dharura: kiti gani kwa safari ya usiku ya masaa 9?

Mpanda_Mawingu
Wadau, tulinganishe viti hivi vitatu vya daraja la kawaida. Abiria ana urefu wa sentimita 188 na miguu humvimba akikaa muda mrefu. Usalama kwanza, usingizi baadaye.

Kizibao
Mlango wa dharura unamfaa mrefu, ila si kila safu ya mlango ni sawa. Kwenye Airbus A320 na Boeing 737-800 kuna safu mbili za milango juu ya bawa, zimefuatana. Viti vya safu ya mbele kwa kawaida havilali, maana vikilala vinaziba njia ya mlango wa nyuma yake. Chukua safu ya pili.

Safari ya masaa 9 lakini mara nyingi ni ndege pana, zile zenye njia mbili ndani, na huko mambo hubadilika. Mlango umebeba boksi la ngazi ya kuteleza ya kutokea wakati wa dharura, nalo huchomoza pale pale goti linapotaka kwenda, tena ubaridi wa mlangoni unakaa naye usiku kucha. Meza imefichwa ndani ya mkono wa kiti, kwa hiyo mkono haunyanyuki na nafasi ya nyonga inapungua. Wakati wa kupaa na kutua, begi lote juu.

Zaituni_K
Kwa miguu inayovimba, njiani bila mjadala. Aliye dirishani ana ukuta wa kuegemeza kichwa, sawa, lakini ataona aibu kuwaamsha wawili kila saa na ataishia kutonyanyuka kabisa. Hatari ya damu kuganda miguuni huanza kuhesabiwa kwenye safari za kuzidi masaa 4.

Avae soksi za kubana za kufika chini ya goti, mmHg 15 hadi 30 (kipimo cha nguvu ya kubana), azivae asubuhi kabla mguu haujavimba. Apime mzingo wa kifundo na wa shavu la mguu, asikisie kwa namba ya kiatu. Zikiwa ndefu asizikunje juu: ule mkunjo unakaba kama kamba. Aliyewahi kuganda damu au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Bawa_la_Kati
Mmesahau mbele na nyuma. Viti vya karibu na bawa viko jirani na kitovu cha uzito wa ndege, hivyo mtikisiko hupungua. Mkiani ndiko kunakorushwa zaidi. Mbele ya injini kuna utulivu wa sauti.

Atakayelala afunge mkanda juu ya blanketi, mhudumu auone bila kumwamsha. Mkanda ukae chini, kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Na aufungue mara mbili tatu kabla ya kupaa: bamba linanyanyuliwa. Kwenye taharuki mkono hutafuta kitufe cha kubonyeza kama cha gari.

Mpanda_Mawingu
Na kiusalama, kipi kinashinda?

Kizibao
Mkuu, inategemea ajali yenyewe, hakuna kiti kinachoshinda zote. Ahesabu migongo ya viti hadi mlango wa mbele na wa nyuma, maana kwenye moshi atakwenda kwa kupapasa. Mizigo aiache. Uwanja wa ndege wa Haneda, Tokyo, Januari 2024, abiria na wahudumu 379 walitoka wote kwenye Airbus A350 iliyokuwa ikiungua. Jaketi la kuokolea lijazwe upepo mlangoni, akishatoka. Kwenye ndege ya Ethiopian iliyoanguka baharini karibu na kisiwa cha Ngazidja, Komoro, mwaka 1996, kuna waliolijaza wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, likawapandisha darini wakashindwa kupiga mbizi kutoka.

Fundi_Volti
Nyongeza kwa kiti chochote: pawabenki iende kwenye begi la mkononi. Zidisha mAh (ujazo ulioandikwa juu yake) kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000, upate Wh, yaani nishati ya betri. Ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Kikomo ni Wh 100. Kati ya 100 na 160 ni kwa idhini ya shirika. Simu ikitumbukia kwenye mwanya wa kiti, asikilaze wala kukiinua kiti. Vyuma vyake vinaponda betri, nayo huwaka. Amwite mhudumu.

Zaituni_K
Basi njiani, jirani na bawa. Kiwiko na goti avirudishe ndani toroli likipita.