Skuta inatoa moshi wa bluu, fundi anataka kuchonga silinda

mama_vitenge (Busia)
Habari zenu wana matairi mawili. Nina skuta ya Kichina, cc 150, injini ya GY6, ile ya mkanda isiyo na gia za kubadilisha. Napeleka vitenge Tororo siku za soko, mzigo wa kawaida tu. Tangu ibadilishwe oili mwezi uliopita inatoa moshi wa bluu. Asubuhi nikiwasha ni wingu, jirani anafunga dirisha. Ikipata moto unapungua, ila nikivuta mafuta kwa nguvu unarudi. Fundi wa hapa karibu na steji amesikiliza mlio tu akasema ringi za pistoni zimekwisha, silinda ichongwe, iwekwe pistoni kubwa zaidi. Hajafungua hata plagi! Pesa anayotaka inanunua mbuzi. Na nguvu skuta haijapoteza. Nimpe?

boda_mbale
Weka oili nzito, 20W-50, moshi utakata. Sisi huku na vilima vyetu tunafanya hivyo.

fundi_malaba
Dada, pesa yako ikae kwanza mfukoni.

Bluu ni oili inayoungua, hapo fundi wako hajakosea. Mweusi ungekuwa petroli nyingi au chujio la hewa lililoziba. Mweupe wa asubuhi ya baridi unaotoweka ni mvuke tu. Hiyo injini yako inapozwa kwa hewa, haina maji ya kuvujia ndani. Sasa angalia moshi unatoka lini. Ukitoka ukiwasha asubuhi kisha ukaisha, au ukiachia mafuta kwenye mteremko halafu ukavuta tena, ni sili za vali, vimpira vinavyozuia oili kupita kwenye vali: usiku oili imedondoka polepole juu ya pistoni. Ukitoka kila unapopanda na mzigo, na injini imepoteza nguvu, hapo ringi ndizo zinashukiwa.

Lakini umesema ulianza baada ya kubadilisha oili. Ringi haziishi siku ya sevisi. Je, aliweka kiasi gani? GY6 inataka kama mililita 800, na chupa ya dukani ni lita moja. Mafundi wengine wanamimina yote, hawapendi kukurudishia chupa yenye mabaki. Oili ikizidi inatupwatupwa mle ndani, inapita mpira wa kupumulia mpaka kwenye boksi la chujio la hewa, halafu injini inaivuta na kuiunguza. Chini ya hilo boksi kuna kimpira chenye kizibo. Kivute uone kinachotoka.

Kupima: simamisha skuta kwa stendi kubwa, mahali pa tambarare, izime ikae dakika chache. Futa kijiti cha kupimia oili, kichomeke bila kukizungusha, kitoe, soma. Skuta nyingi zinapimwa hivyo. Ukikikaza kitazama zaidi na kukuonyesha oili nyingi kuliko iliyomo.

Bado ukiwa na shaka ya ringi, kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kipo. Pima, tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana ni ringi. Isipopanda, tazama vali. Fundi asiyetaka kupima asiguse silinda yako.

Ndugu wa Mbale, oili nzito inauficha moshi tu, ugonjwa unabaki. Halafu boda yako klachi inaogelea ndani ya oili, ndiyo maana unatafuta chupa yenye JASO MA, alama ya oili isiyofanya klachi iteleze. Skuta ya dada klachi yake ni kavu, iko upande wa mkanda. Hata JASO MB, oili inayoteleza zaidi, inamfaa.

vespa_kampala
Mimi nina Vespa ya zamani, tu-stroki, oili naichanganya na petroli asilimia 2. Yangu isipotoa moshi kidogo ndipo ninaogopa 😄 Ila dada asije akashauriwa kutia 2T, hiyo oili ya tu-stroki, kwenye hiyo yake, ni injini nyingine kabisa.

mama_vitenge
Fundi wa Malaba, Mungu akuweke. Kijiti kililowa juu sana ya alama. Kile kimpira kilitoa oili nyeusi, na chujio la hewa lilikuwa kama andazi lililotolewa kwenye karai sasa hivi. Nimevuta oili ya ziada kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba mpaka ikashuka kwenye alama, nikaweka chujio jipya. Siku mbili tatu iliendelea kufuka, sasa nikivuta mafuta hakuna kitu. Asubuhi bado inatoa kidogo, mara moja tu, inaisha.

fundi_malaba
Kule kufuka ilikuwa oili iliyobaki kwenye ekzosi. Hako ka asubuhi ni sili za vali. Ni vimpira vidogo, bei yake si ya mbuzi. Hedi inatolewa, silinda inabaki mahali pake, na udai gasketi mpya. Hakuna haraka, mradi unapima oili kila wiki. Ikipungua, kemshafti iliyoko juu, ile inayofungua vali, ndiyo inaumia kwanza.

Sevisi ijayo simama hapo hapo. Ile nati kubwa ya chini ina springi na chujio la waya, visafishwe na virudi vyote. Wapo wanaozisahau sakafuni.

mama_vitenge
Na oili ya gia za nyuma? Aliniambia ni hiyo hiyo moja.

fundi_malaba
Hapana, ile ina tundu lake karibu na gurudumu la nyuma, inaingia kidogo tu, zaidi kidogo ya mililita 100. Kama alisema hivyo basi hakuigusa. Mwaga, weka mpya.